Istilahi Zetu na Kidaftari cha Fundi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila istilahi tunayoiunda ni mgeni anayebisha hodi katika lugha ya watu, na hapana budi tujiulize iwapo mwenyeji wake amepona au ameongezewa maradhi. Swali hili nimelibeba kifuani tangu mwaka 2022. Nimeona vyema kuliwasilisha mbele ya wanachama wenzangu na wahadhiri wetu, si kwa nia ya kubeza kazi ya waliotutangulia, bali kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu mwenyewe, na nililitenda kwa kutumia yale yale ambayo chuo kilinitunukia shahada kwa kuyajua.

Rai ya makala haya ni nyepesi kuitamka: istilahi ambayo haijapita mikononi mwa mtumiaji bado haijazaliwa, hata ikiwa imekwisha kuchapishwa kamusini. Aidha, mimi nashikilia kwamba kazi ya kuipitisha mikononi humo ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, wa isimu na wa fasihi pia, na kwamba tumeikimbia.

Kifaa cha fundi

Baada ya kuhitimu shahada ya kwanza, nilifundisha kwa muda katika shule moja ya upili ya kutwa, nje kidogo ya mji wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu. Shule hiyo ilikuwa na chumba cha kompyuta, na juu ya meza ya karani palikuwa na kisanduku cha chuma kilichopachikwa ukutani, chenye taa ndogondogo na nyaya zinazoingia na kutoka. Hiyo ndiyo ruta, yaani kifaa kinachopokea mtandao kutoka nje na kuugawa ndani. Ilikuwa ya mtumba, iliyokwisha kuzeeka katika ofisi fulani ya Nairobi kabla ya kupanda milima kuja kwetu. Aliyeitunza ni fundi mmoja wa makamo ambaye wateja wake walikuwa shule, zahanati na viwanda vya kahawa vilivyo kando ya barabara itokayo Embu, ikapita Chuka, ikaishia Meru na kwingineko.

Siku ya kwanza nilipomwona kazini nilitarajia afungue kipakatalishi. Badala yake alitia mkono mfukoni akatoa kifaa kinachoenea kiganjani, chenye skrini ya rangi ya kijivu na kijiti cha kuandikia. Kilikuwa kile ambacho wazee wa ofisi za miaka ya tisini walikiita oganaiza: chombo cha kuwekea miadi, anwani na kumbukumbu. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa oganaiza yake ya kwanza mwaka 1984. Pilot, ya kwanza katika ukoo wa Palm, ilitoka Marekani mwaka 1996. Vifaa hivyo vilipitwa na wakati pale simu zilipoanza kufanya kazi hizo zote na nyingine zaidi. Fundi wetu alikuwa amekinunua cha kwake kwa muuza mitumba, na alikuwa na sababu za kukihifadhi. Kilitumia betri mbili ndogo zinazouzwa katika kila duka la kijijini. Hakuna mwizi wa matatu aliyekitamani. Zaidi ya hayo, kilikuwa na mlango wa mawasiliano wa aina ya zamani, ule ule ambao watengenezaji wa ruta huuacha kwa ajili ya fundi.

Mlango huo unastahili maelezo, kwa kuwa ndio kiini cha kisa hiki. Ruta hupangwa kwa kawaida kupitia mtandao wenyewe: unakaa mbele ya kompyuta iliyounganishwa nayo, unaandika maagizo. Lakini je, ruta ikiwa imesahau kila kitu, haijui jina lake wala anwani yake, utaifikiaje kwa mtandao ambao haupo? Ndiyo maana kuna mlango wa pembeni usiotegemea mtandao. Unachomeka waya, unafungua programu ya maandishi matupu, na kifaa kinakujibu mstari kwa mstari. Sharti la kwanza ni kwamba pande zote mbili ziafikiane kuhusu kasi, ambayo katika ruta nyingi za aina ile ni biti 9,600 kwa sekunde. Upande mmoja ukisema kwa kasi moja na mwingine ukisikiliza kwa kasi nyingine, herufi hufika, ila hufika zikiwa takataka: mabano, alama za mshangao na vijidudu visivyosomeka. Sharti la pili ni la waya. Waya unaopeleka wa upande huu sharti ukutane na waya unaopokea wa upande ule. Ukiunganisha kupeleka kwa kupeleka, na kupokea kwa kupokea, pande zote mbili zitanena na hakuna hata mmoja utakaosikia. Fundi alikuwa na kipande cha kebo alichokichomelea mwenyewe ili kuzipisha nyaya hizo.

Nilimuuliza kile kifaa anakiitaje. Akaniambia, "Kidaftari." Mlango ule alikuwa akiuita "mdomo wa fundi". Mtandao ukikatika "umelala", ukirudi "umeamka". Kasi ya intaneti aliieleza kwa lugha ya mradi wa maji: bomba kubwa na bomba dogo, koki, tangi, na jirani wa juu ambaye akifungulia shamba lake wa chini hukosa. Katika nchi ya miteremko ya Mlima Kenya, ambako watu wamegawana maji ya mifereji tangu jadi, hakuna mkulima asiyeuelewa mtandao ukielezwa hivyo.

Ukurasa niliouandika

Fundi alikuwa akizunguka sana, na mara nyingi shida iliyomfanya aitwe ilikuwa ya kuzima na kuwasha tu. Akaniomba, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niandike ukurasa mmoja wa maagizo ya kubandikwa karibu na ruta, ili karani aweze kujisaidia. Nilifurahi mno. Hatimaye Kiswahili kitatenda kazi! Nilikaa usiku na orodha za istilahi za tehama nilizozinakili nikiwa chuoni. Nikaandika juu ya kipanga njia, muunganisho, kiolesura, usanidi na nywila. Nilichapa ukurasa huo kwa herufi nzuri, nikaubandika, na mwalimu mkuu akanipongeza.

Katika hatua ya pili niliandika kwamba mtandao ukikatika, mtumiaji "aanzishe upya" kifaa. Katika hatua ya nne, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kwamba mwandishi hodari hukwepa kurudiarudia neno moja, niliandika kwamba tatizo likiendelea "aweke upya" kifaa. Mimi nilikusudia tendo lile lile moja: kuzima na kuwasha. Nilibadili neno kwa ajili ya mtindo.

Wiki chache baadaye, siku za kusajili watahiniwa wa kidato cha nne kwa njia ya mtandao zilikuwa zikiyoyoma, na laini ikakatika. Hitilafu ilikuwa nje ya shule kabisa. Karani, mama makini kuliko wengi wetu, akafuata ukurasa wangu. Alianzisha upya. Haikusaidia. Akaja hatua ya nne. Kwa mantiki isiyo na dosari alihitimisha kwamba neno tofauti ni tendo tofauti. Kama mwalimu angetaka nizime na kuwasha tena, angesema hivyo tena. Akachunguza kisanduku, akaona nyuma yake tundu dogo lenye neno la Kiingereza ambalo alijua linahusu mambo ya "upya". Akatafuta pini. Akabonyeza, akashikilia.

Jioni ile laini ya nje ilirudi, lakini ruta ilikuwa haijui tena inamhudumia nani. Maagizo yote yaliyokuwa ndani yake yalikuwa yamefutika. Fundi alikuwa Maua. Alifika kesho yake kwa matatu ya kwanza, naye mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kulala macho, kwa kuwa mwanafunzi asiyesajiliwa kwa wakati huenda asiufanye mtihani, na mzazi wake hataelewa habari za pini. Fundi alichomeka kidaftari chake katika ule mdomo. Mipangilio ya shule yetu alikuwa ameihifadhi humo mstari kwa mstari, na nakala nyingine katika daftari la karatasi, maana betri zikiisha kabisa kumbukumbu za chombo kile hupotea. Baada ya kama nusu saa hivi taa zilianza kumetameta. Watahiniwa wote walisajiliwa.

Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya ukurasa wangu akausoma hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, 'anzisha upya' na 'weka upya' ni vitu viwili ama ni kimoja?"

"Ni kimoja."

"Basi mbona umekipa majina mawili?"

Sikuwa na jibu. Karani alikuwa ameketi pale pale, kimya, akiangalia karatasi zake. Alikuwa amelala usiku ule akiamini kwamba ni yeye aliyeharibu. Nilimwomba radhi mbele ya fundi. Huo ndio mtihani wa istilahi ambao sikuwahi kupewa darasani, na niliuanguka.

Ukurasa wa pili tuliuandika watatu, karani akiwa ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ulikuwa na mistari minne:

Taa ya kijani ikizimika, chomoa waya wa umeme, hesabu hadi thelathini, chomeka tena.

Ngoja dakika tano.

Taa isipowaka, mpigie fundi simu.

Usiguse tundu dogo la nyuma. Ukilibonyeza, kila kitu kitafutika.

Somo tulilolikariri bila kulisoma

Wasomaji wa jarida hili wanavijua vigezo vya Kiingi vya kuunda istilahi, ambavyo kila mmoja wetu alivikariri kabla ya mtihani kwa jina la PEGITOSCA. Tunajua kwamba istilahi inapaswa kuwa bayana, fupi, yenye kuzalika, yenye mfumo. Kigezo cha mwisho katika orodha hiyo ni kukubalika. Kwa vile kiko mwishoni, hupata aya moja tu katika majibu yetu: "Istilahi inapaswa kukubaliwa na watumiaji wake." Kisha tunageuza karatasi. Hatuulizi: imekubaliwa na nani, wapi, na nani alikwenda kumuuliza?

Ikumbukwe kwamba lugha yetu sanifu yenyewe ilizaliwa mezani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930. Kamusi za Frederick Johnson zilitoka mwaka 1939. Faida yake ni kubwa na mimi ni mmoja wa wanufaika, kwani pasipo Kiswahili sanifu mtoto wa Runyenjes asingesoma kitabu kimoja na mtoto wa Tanga. Lakini tumerithi pia tabia ya kamati: ya kuamini kwamba neno likishakubaliwa mezani, safari yake imekwisha.

Tazama tulivyohangaika na mashine moja tu. Wengine walisema kompyuta, wengine ngamizi, wengine tarakilishi, na wanafunzi wa Kenya tukalazimika kuandika tarakilishi katika insha na kusema kompyuta tukitoka nje. Intaneti nayo ikaitwa mdahalishi na wachache, huku umma ukisema mtandao. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo, katika vyumba vyote vya kompyuta nilivyopitia mimi, shuleni na chuoni, sikuwahi kuikuta hata mara moja. Maneno yalikuwapo, mkono wa kuyafikisha ndio uliokosekana.

Sasa tazama maneno yaliyofika. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, menyu yake iliweza kusomwa kwa Kiswahili: tuma pesa, toa pesa, salio. Ajuza wa Igembe ambaye hakuingia darasani analijua neno salio kuliko mhasibu, kwa sababu neno hilo lilimfikia likiwa limeshikana na pesa zake. Tanzania ilipofanya sensa ya Agosti 2022 kwa vishikwambi, na vifaa hivyo vikapelekwa kwa walimu baada ya sensa, neno kishikwambi lilitoka midomoni mwa wataalamu likaingia midomoni mwa watu, kwa vile lilitua mkononi pamoja na kitu chenyewe. Kwa hiyo simpingi anayeunda neno jipya. Ninasema tu kwamba neno haliendi kwa miguu yake lenyewe. Linabebwa.

Hapa kwetu Kenya tuna hata mfano wa kuchekesha. Mwaka 2008 vijana wa Kenya walianzisha Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, na neno hilo la Kiswahili likazunguka dunia bila kutafsiriwa. Baadhi yao walipotangaza mwaka 2013 kifaa cha kuleta intaneti mahali penye umeme wa shida, kilichobuniwa Nairobi, walikiita BRCK, kwa kufuata neno la Kiingereza la tofali. Sitawalaumu, kampuni ina sababu zake. Najiuliza tu, siku ile walipokuwa wakitafuta jina, ni nani kati yetu aliyekuwa karibu?

Majimboni Kiswahili ni lugha ya pili

Kuna jambo moja ambalo sisi wa Meru na Embu tunaweza kulieleza vizuri kuliko wenzetu wa pwani. Huku nyumbani watu wananena Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kitharaka. Kiswahili wanakipata shuleni, sokoni na kwa wageni. Mtu wa Lamu akikutana na istilahi mpya iliyotoholewa katika neno la kale la kwao, huenda akasikia mwangwi wa bibi yake. Karani wa Runyenjes hasikii mwangwi wowote. Kwake "kiolesura" na neno la Kiingereza lililoandikwa nyuma ya ruta vyote ni vigeni kwa kiwango kimoja, tena la Kiingereza lina nafuu kwa kuwa limechapishwa kwenye chuma mbele ya macho yake.

Lakini neno koki si geni kwake. Wala bomba, mdomo, kulala, kuamka, kufuta, kuchomoa. Hayo yote ni Kiswahili safi, na yote yamo kamusini. Fundi hakuunda hata neno moja jipya. Alichofanya ni kuchukua maneno yaliyokwisha kufika kijijini na kuyapa kazi ya pili. Sisi tunaliita jambo hilo upanuzi wa maana, na tunaliorodhesha kuwa njia mojawapo ya kuunda istilahi. Yeye anaita kufanya mteja aelewe.

Hoja za wanaopinga

Natarajia mhadhiri wangu mmoja, ambaye ninamheshimu sana, ataniambia kwamba ninataka kukabidhi lugha kwa mafundi wa barabarani, na kwamba mwisho wake ni "kukonfigi" na "kuriseti". Hofu hiyo haina upuuzi ndani yake. Fundi wetu pia huchanganya, na akiongea na mafundi wenzake nusu ya maneno ni ya Kiingereza yaliyovishwa viambishi. Zaidi ya hayo, "mdomo" wa Embu huenda ukawa "tundu" huko Mombasa na "mlango" huko Mwanza, na pasipo chombo cha kusawazisha, kitabu cha maagizo kilichoandikwa hapa hakitasomeka kule. Nakiri pia kwamba maneno yake si sahihi daima. Ukibonyeza tundu lile si kweli kwamba kila kitu hufutika. Kifaa hurudia hali kilichotoka nayo kiwandani. Mwanafunzi wa uhandisi anastahili istilahi itakayomtenganishia mambo hayo mawili.

Haya yote nayakubali. Hata hivyo, hoja hizo zinaonyesha kwamba fundi peke yake hatoshi. Hazionyeshi kwamba kamati peke yake inatosha. Marehemu na wazee wa taaluma yetu waliliona hili. Profesa Ireri Mbaabu, aliyetuandikia historia ya usanifishaji wa Kiswahili, ndiye huyo huyo aliyeshirikiana na Kipande Nzunga kutoa kamusi ya Sheng mwaka 2003. Msomi aliyejua kwa undani jinsi kamati zilivyofanya kazi hakuona haya kuyasikiliza maneno ya vijana wa mitaani na kuyaandika. Kuandika neno si kulitawaza. Ni kulijua.

Na kwa wenzangu wa fasihi wanaosema kwamba maagizo ya ruta hayatuhusu, ninawauliza: Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858 hivi, ni nini kama si maagizo? Ni mama mgonjwa anayemwandikia bintiye namna ya kuishi, akijua kwamba hatakuwapo kumwelezea pale ambapo hakuelewa. Kila mwandishi wa maagizo yuko katika hali hiyo. Msomaji wake atakuwa peke yake, jioni, na pini mkononi. Fasihi yetu imewahi kuijua kazi hii na kuiheshimu. Sisi ndio tuliokuja kuiona kuwa ya makarani.

Tufanye nini?

Sipendi makala yanayomaliza kwa kuiomba serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. UNESCO nayo mwaka 2021 ilitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na kila mwaka tunavaa fulana na kusoma mashairi. Yaliyobaki ni ya kwetu, nami napendekeza matatu ambayo chama chetu kinaweza kuyaanza bila kusubiri fungu la fedha.

Kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesoma somo la istilahi apewe fundi mmoja: wa mitandao, wa pikipiki, wa pampu za maji, wa mashine za kukamulia maziwa. Akae naye siku kadhaa, aandike maneno yake pamoja na kazi ambayo kila neno linafanya, kisha ayalinganishe na yaliyomo katika kamusi. Wanachama wetu wanatoka karibu kila pembe ya nchi. Kwa muhula mmoja tutakuwa na hazina ambayo taasisi yoyote ya Kiswahili ingeipokea kwa mikono miwili.

Pili, katika mtihani wa somo hilo pawe na swali moja la vitendo. Mtahiniwa aandike maagizo ya kazi fulani katika nusu ukurasa, na mtu asiyesoma somo hilo, kwa mfano mhudumu wa ofisi, ayafuate mbele ya mtahini. Alama zitolewe kwa kazi iliyofanyika. Mimi ningepata sifuri mwaka 2022, na ingekuwa sifuri ya haki, na ingekuwa rahisi kuliko ile niliyoipata.

Tatu, jarida hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa maneno ya mafundi, na liwaalike waundaji wa istilahi kutoka vyuo na mabaraza kuyajibu: hili tunalikubali, hili linagongana na lingine, hili tunalirekebisha kwa sababu hii. Hapo ndipo usawazishaji utakapokuwa mazungumzo. Kwa sasa tuko kama zile nyaya zilizounganishwa vibaya: vyuo vinapeleka, mafundi wanapeleka, na hakuna anayepokea.

Nilirudi Runyenjes likizo iliyopita. Fundi siku hizi hutumia simu na kebo ya kuunganishia kwa vifaa vingi, lakini kidaftari bado kimo mkobani kwa ajili ya zile ruta kongwe. Ukurasa wa mistari minne ungali ukutani, umegeuka rangi ya chai. Karani ameongeza mstari wa tano kwa mkono wake mwenyewe, chini kabisa: kabla ya kuchomoa, tazama kwanza kama stima zimepotea. Hatua hiyo haikuwa katika orodha zangu za istilahi, wala katika kidaftari cha fundi. Nimeinakili katika daftari langu la utafiti, na huo ndio ukurasa wa kwanza nitakaouleta katika jarida hili endapo pendekezo la tatu litakubaliwa.